Myford ML7 iliyochakaa: pima kwanza, bedi iache ilivyo

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu lethi yake, yaani mashine ya kukereza chuma (chaki ndo inayoshika kazi na kuizungusha, bedi ni ule mwili mrefu wa chini, kereji inatelezea juu yake ikibeba kisu, kros slaidi inasogeza kisu kuelekea kazi, na kabari ni kipande chembamba cha kubana slaidi isicheze): “Shikamoo fundi. Nimenunua lethi ndogo, Myford ML7, ilikuwa karakana ya shule ya ufundi ikakaa muda mrefu bila kazi. Inazunguka fresh ila nikikata shafti inatoka nene upande mmoja. Kereji ikiwa karibu na chaki inacheza, nikikaza kabari ikitulia pale basi haifiki nyuma, inagoma njiani. Hendo ya kros slaidi nazungusha robo raundi nzima ndo slaidi inaanza kutembea. Na nikiongeza kata kidogo, chuma kinapiga kelele na kinatoka na mawimbi. Kuna fundi ananiambia bedi ijazwe welding alafu isagwe, mwingine anasema niuze chuma chakavu. Nifanyeje?”

Marahaba mdogo wangu. Usiiuze, na hilo la welding lisahau leo leo. Bedi ya hiyo mashine ni kasti aini, ukiichomelea inapinda kwa joto alafu pale ulipochomelea panakuwa pagumu hata faili haishiki na pembeni yake panabaki laini, utakuwa umeharibu kitu pekee kwenye hiyo mashine ambacho huwezi kukitengeneza mwenyewe. Vingine vyote, nati, kabari, bushi, beringi, vinatengenezeka, tena vingi utavitengenezea kwenye hiyo hiyo.

Sasa shika jambo moja maana jibu langu lote limesimama hapo. Mashine hailiki sawasawa kote. Kazi nyingi inafanyika jirani na chaki, kwahiyo bedi inalika kile kipande cha kama sentimita 15 mpaka 20 kuanzia chaki, ila huku kwa telistoku (kichwa cha nyuma, mwisho wa bedi ulio mbali na chaki) mara nyingi unakuta iko kama ilivyotoka kiwandani. Skrubu nazo hivyo hivyo, katikati pamelika miisho mizima. Na kuna nyuso kwenye hiyo bedi hazijawahi kusuguliwa na kitu chochote tangu mashine itengenezwe. Hizo sehemu nzima ndo rula yako, ndo zinazokuonyesha mashine ilikuwaje siku ilipokuwa mpya, kwahiyo unaanza kwa kuzitafuta na kila unachotengeneza unakipima kwa kutumia hizo. Na we mwenyewe umeshaliona hilo bila kujua, kereji inacheza mbele na kugoma nyuma maana yake ni kwamba nyuma hapajalika, na hiyo ni habari nzuri.

Kabla hujalaumu uchakavu lakini, angalia miguu. ML7 ina bedi fupi na nyembamba, imekaa juu ya pointi nne, ukiifunga kwenye meza isiyo sawa bedi inajinyonga, na bedi iliyojinyonga inakata tepa, yaani nene upande mmoja, hata kama mashine ni mpya kabisa. Watu wengi wanafungua kereji, wanakwangua, wanatengeneza kabari mpya, kumbe tatizo ni boliti ya mguu. Chukua shafti ya kama mm 25 au 30, ishike kwenye chaki peke yake bila senta ya nyuma (ncha ya telistoku inayoshikilia kazi), itokeze kama mm 150, katikati ipunguze ili ubaki na kola mbili, moja karibu na chaki moja mwishoni. Noa kisu vizuri, pitisha kata nyembamba sana kwenye kola zote mbili bila kugusa kros slaidi, alafu pima kwa maikromita. Kama kola ya mbali ni nene kuliko ya karibu, weka shimu (kipande chembamba cha bati) chini ya mguu wa mbele, upande wa telistoku, yaani ule mguu ulio upande unaosimama wewe. Kama ya mbali ni nyembamba, weka chini ya mguu wa nyuma yake. Kaza, kata tena, pima tena. Shimu unaweza kukata kopo la soda, ni bati zuri tu. Endelea mpaka tofauti iwe chini ya mm 0.02, na kama umefika mahali miguu haisaidii tena, hapo sasa ndo tunaongea uchakavu.

Kwenye uchakavu wenyewe kuna kitu watu hawakiangalii vizuri. Mtu akiiona bedi anaangalia juu, anapitisha kidole anasikia ka-ngazi kadogo karibu na chaki, anasema imekwisha. Ila kulika kwa juu na kulika kwa pembeni si kitu kimoja hata kidogo. Tuseme bedi imelika juu mm 0.1, kisu kinashuka mm 0.1. Kwenye shafti ya mm 20 kipenyo kinabadilika kwa kama mm 0.001, maana kisu kinashuka kufuata ubavu wa duara, hakirudi nyuma. Hiyo maikromita yako ya kawaida hata haitaiona. Lakini bedi ikilika pembeni mm 0.1 na kereji ikahama, kisu kinarudi nyuma mm 0.1 nzima na kipenyo kinaongezeka mm 0.2. Unaona tofauti? Ya kwanza sikosi usingizi, ya pili inaharibu kila beringi unayotaka kuingiza kwenye shafti. Ndo maana nakataa pia lile wazo la kupeleka bedi kwa wale wanaosaga silinda hedi za magari. Mashine zao zitakunyooshea juu tu, pembeni na chini hazifiki, utalipa hela ukarudi na ugonjwa ule ule, na zaidi kereji itakuwa imeshuka, lidi skrubu (skrubu ndefu inayovuta kereji) na meshi ya gia ya aproni (sehemu ya mbele ya kereji) vyote havilingani tena.

Na kwa Myford pembeni ndo penyewe. Hizi mashine zilianza kutoka 1946, kiwanda kikiwa Beeston kule Nottingham, na bedi yake ni bapa, haina mgongo wa V kama mashine nyingi kubwa. Ina reli mbili, ya mbele na ya nyuma. Mpaka 1972 kereji ilikuwa inaongozwa na reli ya mbele tu, imeikumbatia kwa uso wa mbele na uso wa ndani wa reli hiyo hiyo moja. Reli ya nyuma kazi yake ilikuwa kubeba uzito kwa juu tu. Sasa fikiria kereji pana vile inashikwa na kiupana kidogo cha reli moja, ukisukuma inataka kugeuka kidogo, kwahiyo uso wa ndani wa reli ya mbele unalika haraka na ndo huo unaokuchezea karibu na chaki. Mwaka 1972 wenyewe kiwandani wakabadilisha, wakaifanya kereji iongozwe kwa uso wa mbele wa reli ya mbele na uso wa nyuma wa reli ya nyuma. Yaani upana wote wa bedi. Na hapa ndo pa kushukuru: kama mashine yako ni ya kabla ya hapo, ule uso wa nyuma wa reli ya nyuma haujaguswa mpaka leo. Upo pale mzima unakusubiri.

Kwahiyo hakikisha kwanza. Futa bedi vizuri kwa mafuta ya taa, pima upana wa reli ya mbele kwa maikromita kuanzia kwa chaki mpaka mwisho, kila baada ya sentimita 5, andika. Alafu pima upana wa bedi nzima, kutoka uso wa mbele kabisa mpaka uso wa nyuma kabisa. Kama huna maikromita ya upana huo, tengeneza kipande cha chuma kinachotelezea kwenye uso wa nyuma, juu yake funga daili geji (saa ya kupimia yenye mshale) ikisoma uso wa mbele, sukuma uangalie mshale. Nategemea utaona reli ya mbele peke yake imepungua sana karibu na chaki, ila upana wa bedi nzima karibu haubadiliki. Ukiona hivyo, mashine yako inapona bila kusaga bedi.

Kazi yenyewe iko hivi. Ukiitoa kereji na kuigeuza utaona ule ukuta wake wa nyuma kwa ndani, kati yake na uso wa nyuma wa reli kuna nafasi. Hiyo nafasi unaijaza na kipande bapa kirefu kama urefu wa kereji, ili sasa kereji iegemee nyuma badala ya ndani ya reli ya mbele. Unene wa nafasi upime kwa fila geji kereji ikiwa kule mwisho wa telistoku, ambako bedi ni nzima, kabari ikiwa imekazwa kereji ikakaa pale inapokaa kihalali. Usipime karibu na chaki. Hapo kuna vitu vitatu nasisitiza.

Kwanza material. Kasti aini ni nzuri, chuma cha geji kilichosagwa nacho kizuri, na kama unaweza kupata ile plastiki ya slaidi yenye teflon na shaba ndani, ni nzuri kuliko vyote kwa kuteleza. Bati la kawaida la mtaani usiweke, halijanyooka.

Pili kubandika. Epoksi ya vyuma, ile ya tyubu mbili, inatosha, ila kereji isafishwe mpaka tishu nyeupe itoke nyeupe, maana kasti ya zamani imekunywa oili na inaitoa polepole. Pasha moto kidogo, futa kwa asetoni, subiri, futa tena. Kwaruza kwa msasa mkali ndo ubandike. Ukiweka na skrubu ndogo mbili tatu, vichwa vizame chini ya uso kabisa.

Tatu, na hii watu wanaisahau, lazima ule mguso wa zamani uuondoe. Ule uso wa kereji uliokuwa unategemea ndani ya reli ya mbele uupunguze mm 0.2 hivi usiguse tena, la sivyo kereji itakuwa inaongozwa na nyuso tatu zinazobishana na itagoma njiani kama inavyogoma sasa.

Ukishabandika usifunge ukaanza kazi. Paka wino wa bluu mwembamba sana kwenye uso wa nyuma wa bedi, telezesha kereji, itoe uangalie imeshika wapi, kwangua pale palipochafuka, rudia. Kikwangulio unaweza kutengeneza kwa faili la zamani, saga meno yote, noa ncha ikae na duara kidogo. Ni kazi ya uvumilivu lakini si ya uchawi. Na hapo hapo angalia skwea: funga bamba kubwa kwenye chaki au feisipleti, likate uso kwa kros slaidi kutoka nje kwenda kati, alafu weka rula nyoofu juu yake. Inatakiwa katikati pawe na shimo kidogo sana, kisichozidi mm 0.02, lakini katikati pasiinuke kamwe. Pakiinuka kwangua ncha moja ya kile kipande mpaka kereji igeuke inavyotakiwa. Ukimaliza hapo ndo utengeneze kabari mpya, na zile shimu za tabaka zilizo kwenye vibati vya chini vinavyozuia kereji isinyanyuke, bandua tabaka kidogo kidogo mpaka iteleze bila kunyanyuka.

Kros slaidi. Robo raundi ni nyingi. Hiyo skrubu ina nyuzi 10 kwa inchi, raundi moja ni inchi 0.1, kwahiyo robo ni 25 thau (thau ni inchi 0.001), zaidi ya mm 0.6. Ila usikimbilie nati. Shika hendo uivute na kuisukuma bila kuizungusha, ukiona inaingia na kutoka, sehemu ya plei iko hapo kwenye kola na bushi ya mbele, unaiondoa kwa kukaza nati za hendo na kuweka washa nyembamba. Kinachobaki ndo cha nati. Nati ni bei ndogo, jina la Myford lilinunuliwa 2011 kiwanda cha Beeston kilipofungwa na vipuri bado vinauzwa Uingereza, ila kwa kusubiri mzigo na ushuru mi naona tengeneza.

Ukiwa na tapu (kifaa cha kuchonga uzi ndani ya tundu) ya Akme, umbo la uzi la hiyo skrubu, nyuzi 10, chukua bronzi, hata bushi kubwa ya zamani ya lori inakupa kipande kizuri, toboa, piga tapu, basi. Angalia tu uzi ni wa kulia au wa kushoto kabla ya kununua tapu. Kama tapu hamna, kuna njia ya asetali, ile plastiki nyeupe ngumu wanayotengenezea gia na roller za mashine za viwandani. Kata kipande, kipasue katikati, kila nusu ichongee mfereji mdogo kuliko skrubu. Skrubu isafishe, ipashe moto sehemu yake nzima ya mwisho, siyo katikati palipolika, kwa tochi ya gesi mpaka plastiki inalainika ikigusa, alafu zibane hizo nusu mbili kwa vaisi zikumbatie skrubu na acha zipoe zenyewe kabisa. Ukifungua unakuta nyuzi zimejichora ndani kwa usahihi wa ajabu, plei karibu hakuna. Fanyia nje penye upepo, na moto usiguse plastiki moja kwa moja, asetali ikiungua inatoa moshi mbaya sana kwa macho na kifua. Kazi ndogo za ML7 hiyo nati inazibeba bila shida.

Onyo hapo: nati mpya iliyobana kwenye mwisho wa skrubu bado itacheza kidogo katikati, sababu skrubu yenyewe imelika. Ukikuta tofauti kati ya mwisho na katikati inazidi kama 5 thau, skrubu nayo ina zamu yake.

Sasa kelele na mawimbi. Angalia vitu vya bure kwanza, ncha ya kisu iwe kimo cha senta, yaani katikati ya kazi, kisitokeze sana, na kabari ya topu slaidi (slaidi ndogo ya juu inayoshika kisu) iwe imekazwa, maana mara nyingi mtu anafungua spindo (mhimili unaobeba chaki) kumbe ni topu slaidi inatingishika. Ukishavikaza vyote na bado, legeza mkanda, weka daili geji juu ya pua ya spindo, ingiza mti imara kwenye tundu la spindo unyanyue kwa mkono bila kutumia nguvu za kuvunja. Mshale ukitembea kama thau moja, mm 0.025, uko sawa. Ukifika mm 0.05 na zaidi, beringi zinahitaji kubanwa.

ML7 nyingi zina beringi za waiti metali (metali laini nyeupe) zilizopasuliwa nusu mbili, hazina bali. Kati ya nusu ya juu na ya chini kuna shimu za shaba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka 2 thau. Fungua kofia moja kwa wakati, weka alama ipi ni ya mbele na ipi ya nyuma, bandua tabaka moja kila upande, kulia na kushoto sawa, funga, zungusha kwa mkono. Spindo izunguke bila kukwama. Ikiwa nzito umebandua nyingi, na ndo maana unabandua moja moja na yale mabaki huyatupi. Kofia usiifaili kabisa, hata kama mtu anakwambia ndo njia ya mkato, maana ukishaifaili hakuna shimu itakayorudisha umbo la duara. Ukifungua ukakuta metali imepasuka au imetoka mabanzi, hapo kubana hakusaidii, unahitaji beringi mpya. Na baada ya kubana iendeshe nusu saa spidi ya kati ukigusa kwa mkono. Vuguvugu ni sawa, ikikuunguza zima, maana waiti metali inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 240 hivi na ikikauka oili haichukui muda kufika huko.

Na oili ndo iliyoua nyingi ya hizi. Zile glasi mbili za kudondosha juu ya hedistoku (kichwa kinachobeba spindo) lazima ziwe na oili na zidondoshe kila mashine inapozunguka. Tumia haidroliki ISO 32, nyepesi. Grisi usiweke pale kabisa, na oili ya injini nzito ya lori vilevile, haiingii penye nafasi ndogo.

Lidi skrubu ya nyuzi 8 siku hizi sina wasiwasi nayo sana, kinacholika haraka ni hafu nati, ile iliyopasuliwa inayoishika. Ukitaka kujua, funga hafu nati, sukuma kereji kwa mkono mbele na nyuma, angalia inacheza kiasi gani karibu na chaki kisha kule nyuma. Ikicheza sawa kote ni nati, tengeneza mpya. Ikicheza zaidi mbele basi na skrubu imelika, lakini kwa kukata uzi mfupi wa boliti bado inafanya kazi, plei inaondoka yenyewe kwa kuwa kisu kinavutwa upande mmoja tu.

Telistoku itakuwa imeshuka chini kwa mbele, pua inainama. Weka senta mbili, ya spindo na ya telistoku, zikutanishe utaona. Dawa ni shimu nyembamba kati ya mwili wa telistoku na bamba lake la chini, zaidi upande wa pua.

Kitu kimoja nakuomba kwa sababu mashine imetoka shuleni. Chaki ya hiyo imefungwa kwa uzi na ikikwama wanafunzi wanapenda kufunga beki gia (gia za kupunguza spidi) ili spindo isizunguke alafu wanavuta chaki kwa nguvu. Meno ya beki gia yanavunjika hivyo. Zungusha kwa mkono uhesabu meno yote, na we usifanye hivyo kamwe, chaki iliyokwama ifunge spana ndefu au baa kati ya taya, na spindo izuie kwa mkanda ukiwa kwenye spidi ya chini.

Fanya kazi kwa mpangilio huu huu nilioandika, miguu, bedi, kros slaidi, spindo, maana ukianza na spindo utabana kitu ambacho labda kilikuwa kizima. Ukishapima ile reli ya mbele na upana wa bedi nzima niandikie namba zote, kila sentimita 5, pamoja na ulichosoma kwenye daili geji ya spindo, na namba ya serial ya mashine ambayo kwa kawaida inaanza na K. Nikiziona hizo nitakwambia kile kipande cha nyuma kiwe na unene gani kabla hujanunua chuma.